Mzee mwenye demensia halali usiku? Anza na daftari, siku 14

Nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee huku Uingereza, na nawaandikia wenzangu wa kazi hii. Ukiambiwa mzee mwenye demensia (ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) "halali", usikimbilie dawa ya usingizi. Dawa hizo humfanya ayumbe akiinuka, na akianguka huweza kuvunjika nyonga. Mfuatilie kwanza.

1. Omba ruhusa. Mweleze mwenyewe kwa maneno machache. Kama hawezi tena kuamua, hapa England na Wales sheria ya 2005 ya uwezo wa kuamua (Mental Capacity Act) inataka uamuzi uwe wa manufaa yake, na watu wake waulizwe.

2. Andika saa 24, si usiku tu. Anayesinzia kitini asubuhi nzima atakesha. Andika ulichokiona: saa ngapi, yuko wapi, anafanya nini, amerudi kulala lini. "Amesumbua" si taarifa. Niliwahi kumwandikia bibi mmoja hivyo wiki nzima. Nilipoanza kuandika saa, nikaona ni ileile kila usiku, saa 8 kasorobo: amesimama mlangoni, mkoba begani, mkono mwingine umelikunja gauni la kulalia kwa mbele. Bibi wa watu alikuwa anatafuta choo. Kidonge chake cha kupunguza maji mwilini kilikuwa kinatolewa jioni. Daktari akakihamishia asubuhi.

3. Ongeza kifaa, kikiwepo. Saa ya kupima mjongeo huvaliwa mkono asioutumia sana, siku 7 hadi 14. Akiivua kila mara, kuna kihisio cha chini ya godoro. Lakini aliyejilaza kimya macho wazi, saa hiyo ya mkononi humhesabu amelala, kwa hiyo daftari usiliache.

4. Ukipita vyumbani, elekeza tochi sakafuni, kisha sikiliza. Akikoroma, pumzi ikakatika, halafu akashtuka akivuta hewa, mwambie nesi. Mwambie pia kuhusu anayerusha ngumi na kupiga kelele usingizini. Hali hiyo huonekana sana kwa wenye demensia ya Lewy, aina mojawapo ya demensia.

5. Usingizi ukivurugika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usingoje siku 14. Huenda ni maambukizi, maumivu au choo kigumu. Ita nesi usiku huohuo.

6. Siku ya 15, tafuta saa inayojirudia, umpelekee daktari pamoja na orodha ya dawa zote. Donepezil, dawa ya demensia, kwa mfano, ikinywewa usiku huweza kuleta ndoto za kutisha. Mkikubaliana, badilisheni jambo moja tu, kisha andika wiki nyingine. Mkibadilisha matatu kwa mpigo hamtajua lililosaidia.