Kupakia nguruwe wa soko: kazi inaanza kabla gari halijafika

Katika miaka yetu ya mwanzo ya ufugaji, mimi na mume wangu tulipoteza nguruwe mlangoni mwa lori. Alikuwa na kilo 112, mzima kabisa. Tulikuwa watu watano: wawili wanavuta masikio, mmoja ameshika mkia, wengine wanapiga mabati, na jua limeshapanda. Akakaa chini katikati ya rampu, yaani njia ya mwinuko ya kupandia garini, akaanza kuhema kwa mdomo, ngozi ikatoka mabaka mekundu, miguu ikatetemeka. Sisi tukadhani ni ubishi, tukazidi kumsukuma. Baada ya dakika chache akafa. Hakuwa na ugonjwa wowote. Tulimuua kwa haraka yetu, na miezi karibu sita ya kumlisha ikaishia pale.

Tangu siku ile nilianza kujifunza upya namna ya kupakia. Leo mimi na mwanangu mkubwa tunapandisha nguruwe 12 bila kufika nusu saa, hatuna fimbo mkononi, na hakuna anayepiga kelele, si mtu wala nguruwe. Naeleza hapa tunavyofanya, kwa mwenye banda la familia kama letu asiye na mitambo.

Wiki tatu kabla ya kuuza naanza kuingia kizimbani kila siku. Nikishalisha, nafungua mlango, nazunguka taratibu kandokando ya ukuta mpaka kila nguruwe ainuke na anipishe. Nikipita naweka kiganja mgongoni mwake. Dakika 2 zinatosha kwa kizimba kimoja. Nguruwe ambaye hajawahi kumwona mtu ndani ya kizimba isipokuwa siku ya sindano atakukimbia siku ya kupakia, na akishaanza kukimbia hana tena akili ya kutafuta mlango. Yule aliyezoea kupisha watu atapisha tu, kama kawaida yake. Faida nyingine ni kwamba kwa kuwainua kila siku nawaona wanaochechemea mapema. Mwenye mguu mbaya simwuzi kwa safari. Anabaki hadi apone, au daktari wa mifugo aamue.

Mara moja au mbili katika wiki hizo nawatoa mpaka kwenye ujia, wanatembea, wananusa, wanarudi. Mara ya kwanza watanusa kila msumari, nawaacha wanuse. Nguruwe huijua dunia kwa pua, na mahali alipokwisha kunusa hapamtishi tena.

Kuchagua wa kuuza nako nafanya mapema, si asubuhi ya gari. Wasio na mzani watumie futi ya kushonea. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha mita 1.1 na urefu wa mita 1.2 atakupa kilo 100 na ushei. Ni makadirio, lakini yananiepusha na kubishana na mnunuzi bila kujua ninachouza. Nawawekea alama ya rangi mgongoni. Hapohapo nafungua daftari la dawa. Aliyechomwa sindano na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha, hapandi gari, hata akiwa mnene kuliko wote.

Chakula nakata usiku wa kuamkia safari. Hesabu yangu ni kwamba kutoka mlo wa mwisho mpaka machinjioni upite muda wa saa 12 hadi 18, safari ikiwa ndani yake. Nguruwe aliyeshiba hutapika njiani, hupata joto upesi, na anaweza kufa garini. Akifika salama, tumbo lililojaa hupasuka kirahisi wakati wa kuchinja na kuchafua nyama. Maji sikati hata kidogo. Wanakunywa mpaka dakika ya kutoka.

Sasa njia. Hapa ndipo wengi wetu tunapopuuza, na hapa ndipo nguruwe wengi wanapogomea. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nainama mpaka macho yangu yawe usawa wa macho ya nguruwe, natembea kutoka kizimbani hadi mahali gari litakapokaa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, kiasi cha nyuzi 310 kati ya 360. Nyuma kabisa ya makalio ndipo asipoona. Ila kina hakikadirii vizuri. Kivuli chembamba sakafuni anaweza kukiona kama shimo. Nikiinama hivyo naona mambo ambayo nikisimama siyaoni: kamba inayoning'inia, koti lililotundikwa ukutani, dimbwi la maji, mwanga unaopenya kwenye ufa wa bati na kuchora mstari sakafuni, mahali saruji inapoishia na udongo unapoanza. Vya kuondoa naviondoa. Vya kufunika nafunika. Pale sakafu inapobadilika namwaga maranda pande zote mbili hadi mpaka wenyewe usionekane.

Kuta za ujia ziwe za mbao au mabati yasiyo na nafasi. Nguruwe akiona nje kupitia uwazi, atapeleka pua pale, na pua ikipita anaamini mwili utapita. Upana wetu ni wa nguruwe wawili kwenda sambamba, kwa sababu hawapendi kupangwa mmojammoja. Akiwa na mwenzake ubavuni anakwenda kwa moyo. Lakini kona isiwe ya ghafla.

Rampu isizidi nyuzi 20. Kwa lugha ya fundi, kama sakafu ya gari iko mita 1 kutoka chini, rampu iwe na urefu wa karibu mita 3. Rampu yetu ya zamani ilikuwa fupi kwa sababu mbao zilikuwa chache, na nina hakika mwinuko ule ulichangia kifo cha yule wa kilo 112. Gongomea vipingo vya mbao kila baada ya sentimita 20 ili kwato zipate pa kukanyaga, na weka kuta pande zote mbili. Ikiwa kuna kilima kidogo shambani kwako, mwambie dereva arudishe gari nyuma hadi kwenye kilima hicho. Hapo mwinuko unapungua wenyewe bila gharama. Pengo kati ya rampu na gari lizibwe kabisa. Mguu ukinasa pale, huyo umemvunja, na wanaomfuata wameona.

Ndani ya gari namwaga maranda, na juu yake natandaza kidogo ya matandiko ya kizimbani kwao, yenye harufu yao. Hili sikufundishwa na mtu. Nilijaribu siku moja, wa kwanza akaingia akiwa ameinamisha pua chini, na tangu hapo siliachi.

Nafasi hesabu kwa uaminifu. Nguruwe wa kilo 100 anahitaji kama mita za mraba 0.42. Gari lenye sakafu ya mita 2 kwa 3 litabeba 14, na siku za joto mimi napakia 12. Mnunuzi atakuomba uongeze wawili. Kataa. Nguruwe karibu hatoi jasho. Joto analipunguza kwa kuhema na kwa kulala mahali palipolowa, na aliyebanwa na wenzake hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Ndiyo maana tunapakia alfajiri, na siku za joto tunalowesha maranda kwanza.

Chombo chetu cha kazi ni ubao. Ni plaiwudi ya sentimita 75 kwa 90, iliyotobolewa matundu ya kushikia juu na ubavuni. Nauegemeza kwenye goti na kusogea nao. Nguruwe akiona uwazi hata mdogo kati ya mguu wako na ukuta, atapita hapo. Akiona ubao mzima anaona ukuta, anageuka. Fimbo ya umeme sina, na sitaki ije kwangu. Mateke, kupinda mkia na kuvuta masikio tuliviacha siku ile ya msiba. Mbali na maumivu, nguruwe aliyevurugwa kabla ya kuchinjwa hutoa nyama iliyopauka, laini, inayovuja maji, na mchinjaji anaijua akiiona.

Natoa wanne au watano kwa mara moja, basi. Mwanangu anafungua mlango wa kizimba na kujitoa mbele yao, maana mtu akisimama mlangoni hawatoki. Mimi nakaa nyuma, kando kidogo, mahali wanaponiona. Bega la nguruwe ndilo kipimo changu: nikiwa mbele ya bega anasimama au anarudi, nikiwa nyuma ya bega anasonga. Akipiga hatua, nami nasimama, nampunguzia. Nikiendelea kumkandamiza wakati tayari anatii, hana sababu ya kutii tena. Sauti yangu ni ya kawaida, au sisemi kitu, na mbwa tumewafunga mbali. Garini tunawasha taa ndogo inayomulika ndani, isiyowapiga machoni, kwa kuwa nguruwe hupenda kutoka gizani kwenda penye mwanga.

Wa mbele akisimama, kaa. Hesabu moja hadi ishirini. Ananusa, anaangalia, na mara nyingi anaendelea mwenyewe, na wenzake nyuma yake. Ukimsukuma wakati wa nyuma wamejazana, atageuka, na nguruwe wa kilo 110 akigeuka kwenye ujia mwembamba kaa kando, mpishe. Mrudishe kizimbani, aje na kundi linalofuata. Kwetu wengi waliogoma mara ya kwanza wanapanda ya pili, wakiwa katikati ya wenzao.

Akibaki mmoja asiyetaka katu, tunatumia ndoo. Mwanangu anamvika ndoo kubwa puani mpaka machoni, mimi nashika shina la mkia kwa kumwongoza tu, si kwa kuvuta. Nguruwe aliyefunikwa uso hurudi kinyumenyume kujitoa, na ukimwongoza vizuri anapanda rampu kwa makalio. Ni njia ya nguruwe mmoja mtulivu. Aliyekwisha kuhema usimfanyie.

Na hili la kuhema ndilo nalotaka kila mfugaji alijue kwa moyo. Dalili ni zilezile nilizoziona bila kuzielewa: mdomo wazi, mabaka mekundu, misuli inatetemeka, sauti ya kulia isiyo ya kawaida, kukataa kuinuka. Ukiona hata mbili, acha kazi. Mwondoe mwenzake anayemsumbua, mwekee kivuli, mpepee, lowesha sakafu anayolalia, mpe maji kama atakunywa. Usimmwagie ndoo ya maji baridi mwili mzima kwa ghafla. Mshtuko ule unaweza kummaliza. Muda wa saa moja au mbili ya utulivu huwarudisha wengi wao. Gari likiwa haliwezi kusubiri, liondoke bila yeye.

Usichanganye vizimba garini ukiweza. Nguruwe wasiojuana watapigana njia nzima kutafuta nani mkubwa. Ikibidi kuchanganya, weka kizuizi cha mbao katikati.

Kuhusu homa ya nguruwe sina utani nayo, kwa kuwa haina tiba na inamaliza banda zima. Gari lije limeoshwa na kupuliziwa dawa ya kuua vijidudu, na halijabeba nguruwe wa mtu mwingine. Nimechora mstari wa chokaa mahali rampu inapoanza. Dereva na mnunuzi wanakaa upande wa gari, sisi upande wa banda, gambuti zao hazivuki na zetu hazivuki. Nguruwe aliyekanyaga sakafu ya gari harudi bandani, hata kama mnunuzi amebadili mawazo juu yake. Dereva mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, mimi nawasaidia tu kusukuma." Nilimshukuru, nikamwomba ashike mlango wa gari kutoka upande wake. Karatasi zote za safari ziwe zimeshajazwa kabla ya kupakia, maana gari lililojaa nguruwe likisimama, joto ndani linapanda haraka. Mlango ukifungwa, liondoke.

Gari likishaondoka tunakwangua rampu, tunaosha kwa sabuni, tunapulizia dawa na kuiacha ikauke juani. Kisha nakaa na daftari. Naandika idadi, saa tuliyoanza, saa tuliyomaliza, nani aligoma na aligomea wapi. Safari nne mfululizo liliandikwa jambo moja: wa mbele amesimama penye mfereji, hatua tatu kabla ya rampu. Sisi tulikuwa tunauruka mfereji ule kila siku bila hata kuuangalia. Mwanangu akaufunika kwa mbao mbili na kumwaga maranda juu. Safari ya tano hakusimama hata mmoja.