Jinsi ya kuisajili safari ya meli na kuripoti maharamia ukitokea Mombasa au Dar es Salaam

Ukitoka Kilindini na shehena ya Mogadishu, Djibouti au Jeddah, usingoje kufika Pembe ya Afrika ndipo uanze kuwaza maharamia. Eneo la kuripoti kwa hiari linalosimamiwa na UKMTO, kituo cha jeshi la wanamaji la Uingereza, linashuka hadi kusini ya Mombasa na Dar es Salaam. Ukishang'oa nanga, umo ndani. Linaitwa la hiari, ila mwenye meli na kampuni ya bima watakuuliza kama uliripoti. Haya nimemwandikia ofisa aliyekabidhiwa makaratasi hayo kwa mara ya kwanza.

Vituo ni viwili, usivichanganye. MSCIO ni cha operesheni Atalanta ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza Desemba 2008, na ndicho kinachosajili safari. Manahodha wa zamani bado wanakiita MSCHOA. Ni kile kile. UKMTO ndiko unakopeleka taarifa za kila siku, na ndiko unakopiga simu mambo yakiharibika. Kote huko hulipi kitu.

Kabla ya kuondoka

Fomu ya usajili hujazwa mtandaoni, na wakala wa meli au kampuni anaweza kukujazia. Inataka jina la meli, bendera, namba ya IMO yenye tarakimu saba, alama ya mwito wa redio, bandari utokayo na uendayo, saa unayotarajia kuingia eneo la kuripoti, idadi ya mabaharia na uraia wao, na kama una walinzi wenye silaha.

Sehemu mbili ndizo zinazoponza watu: kasi ya juu, na kimo cha ubavu kutoka majini hadi sitahani. Niliwahi kumkuta ofisa ananakili noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, kutoka karatasi za mtengenezaji, na meli yenyewe, imejaa saruji, ilikuwa ikijikokota kwa noti 10. Katika Ghuba ya Aden meli hupangwa kwa makundi kulingana na kasi: noti 10, 12, 14, 16 na 18. Ukijipa kasi usiyo nayo, kundi lako litakuacha nyuma peke yako. Njia maalumu ya kupitia ghuba hiyo iko kati ya nyuzi 45 na 53 mashariki. Ina mikondo miwili ya meli kupita, yenye upana wa maili 5 kila mmoja, na maili 2 katikati; anayekwenda mashariki hushika ule wa kusini.

Ukiwa safarini

Taarifa za UKMTO ni tatu: ya kwanza unapoingia eneo au kuondoka bandarini, ya kila siku, na ya mwisho unapofika au kutoka nje ya eneo. Kila moja itaje meli, mahali ilipo, saa, mwelekeo, kasi na bandari inayofuata. Ukiona boti ya kasi yenye ngazi ndani, au jahazi linalovuta boti tupu nyuma, tuma taarifa ya ziada. Usingoje wakusogelee.

Saa ni UTC, saa ya pamoja ya dunia, na hapa sisi Waswahili tunateleza mara mbili. Saa tisa alasiri yetu ni 1500 kwenye saa ya ukutani, na ni 1200 UTC. Halafu kuna ikweta, unayoivuka karibu na Kismayu. Ukiwa nyuzi 2 kaskazini ukasahau kubadilisha S kuwa N, ramani yao itakuonyesha maili 240 kutoka ulipo, na manowari itatumwa kwenye maji matupu.

Wakikushambulia

Bonyeza kengele ya siri ya SSAS, pigia UKMTO, tangaza kwenye VHF chaneli 16, ongeza kasi. Kampuni itaarifu pia kituo cha IMB, ofisi ya kimataifa inayofuatilia uhalifu wa baharini, kilichoko Kuala Lumpur, kinachofanya kazi saa 24.

Hapo ndipo mahali ulipo panapogeuka kuwa suala la mahakama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ibara ya 101, unahesabu uharamia kuwa kitendo cha nje ya maji ya nchi yoyote, na ibara ya 105 inairuhusu kila dola kuwakamata wahusika. Ndani ya maili 12 za pwani kosa ni ujambazi wa kutumia silaha, na mwenye kesi ni nchi ya pwani hiyo. Kwa hiyo nyuzi na dakika ulizoandika kwenye logi, daftari la safari, ndizo zitakazosomwa kwanza.

Wanasheria wa Mombasa wanalijua hili vizuri. Mwaka 2006 mahakama ya huko iliwafunga Wasomali kumi miaka saba kila mmoja kwa kuteka jahazi la Kihindi, Safina Al Bisarat. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikasema mahakimu wa Kenya hawana mamlaka juu ya yaliyotendeka bahari kuu. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo Oktoba 2012.

Baada ya shambulio

Hifadhi mara moja kumbukumbu ya VDR, mashine inayorekodi safari na sauti za chumba cha usukani. Mashine za zamani hubaki na saa 12 tu kabla ya kujifuta, na nahodha aliyechoka akilala kwanza, sauti zote za chumba cha usukani zimekwenda. Usioshe sitaha. Piga picha ya ngazi, kulabu na maganda ya risasi pale pale yalipoangukia, kisha viguswe na mtu mmoja tu mwenye glovu, kila kimoja mfuko wake, na saa iandikwe juu yake.

Kila baharia aandike maelezo yake peke yake, kwa lugha anayoijua, kabla hawajakaa mezani kusimuliana. Chukua na simu ya nyumbani kwake, si ya meli tu: kesi inaweza kuitwa yeye akiwa keshahamia kampuni nyingine, na shahidi asiyepatikana hausaidii upande wa mashtaka.

Wapelelezi wakipanda melini, iwe ni wa manowari au polisi wa bandarini, wape nakala na ubaki na zako. Kwa vile vitu vyenyewe, dai hati yenye sahihi kwa kila kimoja, hata ganda la risasi.