Ukienda kununua tela la kuishi, nenda na ngazi

Mke wangu ni muuguzi wa mikataba. Wiki 13 Texas, wiki 13 New Mexico, kisha simu inaita tena. Mimi niliendesha semi huku Marekani miaka tisa, na kabla ya hapo nilikuwa utingo kwenye malori ya Tanga. Kodi za kila mji zilipotuchosha tukanunua nyumba yenye magurudumu. Sasa kila mwezi kuna Mswahili ananipigia: "Kaka, na mimi nataka. Ninunue la kampuni gani?" Namjibu kwa swali: una pikapu gani?

Ninayoyasema ni matela ambayo Wamarekani wanayaita ya gurudumu la tano. Pua ya tela imeinuka, inapita juu ya bodi ya pikapu, na pini yake ya chuma inaingia kwenye sahani iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma, vilevile semi linavyoshika tela lake. Kwa hiyo linatulia barabarani kuliko lile linalovutwa kwa tufe la chuma la nyuma ya bampa, na chumba cha kulala kinakuwa juu, unakipandia vidato viwili vitatu. Ila uzito nao unahamia mgongoni mwa pikapu: kwa kawaida moja ya tano mpaka robo ya uzito wote wa tela.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Tangazo litakuandikia uzito wa tela likiwa tupu. Achana nao, hakuna anayeishi kwenye tela tupu. Tazama uzito wa juu unaoruhusiwa, uko kwenye stika iliyobandikwa ubavuni mwa tela. Letu ni pauni 14,000, karibu kilo 6,350. Piga asilimia 22, unapata pauni 3,080 juu ya pikapu. Ongeza sahani yenyewe, pauni 150 na kitu, ongeza mume, mke na sanduku la spana, umeshapita pauni 3,500. Sasa fungua mlango wa dereva wa pikapu usome stika ya njano inayosema abiria na mizigo visizidi pauni ngapi. Rafiki yangu mmoja alikuwa na pikapu ya dizeli ya daraja la 2500 (hilo ni jina la daraja, si uzito), injini ya kuvuta mlima, akaapa inatosha. Stika ilisema pauni 2,100. Injini ingevuta, lakini springi, matairi na breki vingelia. Tela la ukubwa huu linataka daraja la juu yake, la 3500, na mimi nachagua yenye matairi manne nyuma. Wale wenye bodi fupi waulizie pia sahani inayoteleza kurudi nyuma, la sivyo siku ya kukata kona kali pua ya tela itakutana na kioo cha kabini.

Ukishanunua, pita kwenye mizani ya CAT kwenye vituo vya malori. Waliozoea kuukunja uso wakifika mizani ya Vigwaza kule Tanzania watacheka: huku unalipa mwenyewe upimwe, unapewa karatasi inayoonyesha kila ekseli imebeba kiasi gani, na hakuna anayekufukuza.

Haya, tela lenyewe. Muuzaji atakuingiza ndani akuonyeshe jiko na sofa za ngozi. Mke wangu alipoliona jiko lenye meza katikati alianza kupanga sufuria kichwani. Nikamwambia, Mama Salma, subiri nipande paani kwanza. Kinachoua matela ni maji, na maji yanaingilia juu. Kanyaga taratibu, ukisikiliza kwa miguu kama kuna mahali panabonyea; chini ya hapo mbao zimeoza. Kisha piga magoti kwenye kila kitu kilichotoboa paa: kiyoyozi, matundu ya hewa, bomba la choo, antena. Kote huko kuna gundi nyeupe. Ikiwa imepasuka au imeachia ukingoni, maji yana njia. Ikiwa ni mpya inang'aa kwenye kona moja tu na kwingine kote ni ya zamani, muulize mwenyewe kwa upole kilimpata nini hapo.

Shuka, simama kwenye kona ya tela, utazame ukuta kwa mshazari wakati jua limelala. Matela mengi yana ngozi ya faibaglasi iliyogandishwa juu ya plaiwudi nyembamba. Maji yakipita katikati, ngozi inaachia, unaona malengelenge na mawimbi. Gharama ya kuurudisha ukuta huo inaweza kumeza thamani ya tela zima. Mimi nikiyaona nawasha gari.

Ndani, tumia pua kabla ya macho. Tela la kwanza tulilokwenda kulitazama, pwani ya Texas, lilikuwa na viburudisha hewa vinne. Nne! Mama Salma akasimama mlangoni akasema, "Hii harufu naijua, ni sanduku la nguo wakati wa masika." Alikuwa sahihi. Nilifungua kabati chini ya kitanda nikapachoma na kipima unyevu, kile cha sindano mbili kinachouzwa dola 30 hivi, kikapiga kelele. Tangu kimbunga Harvey kilipoifurikisha Houston mwaka 2017, mimi tela la upande ule nalikagua mara mbili: matope kwenye njia za nyaya, kutu kwenye skrubu za chini, mstari wa maji ndani ya makabati.

Zile sehemu za ukuta zinazotoka nje kuongeza sebule (kwetu tunaziita droo) zitoe na kuzirudisha zote, mara mbili. Sikiliza kama upande mmoja unatangulia mwingine. Kisha ingia na miguu mitupu, ukanyage pembe za sakafu yake. Mpira wa kuzuia mvua ukichakaa, pembe ndizo zinazolainika kwanza.

Matairi nitayasema kwa aibu. Letu lilikuja na matairi yenye kashata nzuri kabisa, nikayasifu, mimi dereva wa miaka tisa. Maili chache kabla ya Amarillo moja likapasuka, likachana sakafu ya chini na bomba la maji taka. Namba nilikuwa nimezipita kwa macho bila kuzisoma. Ubavuni pana herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela huzeeka kwa jua kabla hayajaisha kwa barabara. Yakipita miaka sita hesabu kwamba utanunua mapya, na bei hiyo uikate kwa muuzaji. Tairi lililolika upande wa ndani peke yake lina habari ya ekseli iliyopinda au kuzidiwa.

Umeme: la kuishi mwaka mzima litafute la ampea 50. La ampea 30 linakupa wati 3,600 kwa jumla, yaani kiyoyozi kimoja na wasiwasi wa kuwasha maikrowevu. La 50 lina njia mbili, wati 12,000. Julai ya Texas utanishukuru. Friji, kama ni ile ya gesi na umeme, mwambie muuzaji aiwashe jana yake, maana hupoa polepole. Fungua mlango wake wa ukaguzi ulio ubavuni mwa tela kwa nje, ukiona madoa ya njano au ukinusa amonia, hiyo imekufa. Gesi pima viungio kwa povu la sabuni. Kengele ya gesi ina tarehe ya mwisho, isome.

Kwa wanaokwenda kaskazini, uliza kama tumbo la tela limefunikwa na linapata joto la tanuri. "Misimu minne" iliyoandikwa ubavuni ni rangi tu, yeyote anaweza kuibandika.

Karatasi usizifanyie haraka. Namba ya chasisi ya tarakimu na herufi 17 ilingane na hati, hati isiwe na deni la benki wala alama ya ajali au mafuriko. Watengenezaji wengi wanaandika kwenye dhamana kwamba tela ni la matembezi, si la makazi, kwa hiyo mwambie wakala wa bima ukweli kwamba mnaishi humo. Bima ya wikendi inaweza kukukana siku ya moto. Na baadhi ya viwanja binafsi vya kuegesha matela havipokei tela lililozidi miaka kumi. Piga simu kwenye viwanja unavyotarajia kukaa kabla hujanunua la 2012.

Ukiridhika na yote, omba kulala humo usiku mmoja kabla ya kulipa. Wengi watakataa. Sisi tulimpata mzee mmoja Arizona aliyekubali, tela la 2015, akitaka dola 24,000. Nilimwomba tusiunganishe mpira wa maji, tutumie tangi na pampu ya tela. Saa tisa usiku, mabomba yote yamefungwa, pampu ikakohoa sekunde mbili ikanyamaza. Baada ya robo saa ikakohoa tena. Pampu inakohoa hivyo presha ikishuka, na presha haishuki bila maji kutoka mahali. Asubuhi tukamkuta mwizi nyuma ya choo, kiungio cha plastiki cha dola sita, na kipande cha sakafu chenye unyevu upana wa sahani. Mzee akatazama, akakuna kichwa, akapunguza 900. Mama Salma akamchemshia chai ya tangawizi kwenye lile jiko lake lenye meza katikati.