Rezista iache ya jumla, transista ipe jina lake

Kila kijana anayekuja kujifunza KiCad kwangu, programu ya kuchora saketi na mbao zake, huniuliza swali lilelile: kwenye maktaba achukue alama ya jumla, au ile yenye jina la kifaa chenyewe? Namwambia ahesabu miguu kwanza.

Rezista ina miguu miwili na haina mbele wala nyuma. Bonyeza A, chukua R, andika 10k, ipe futiprinti (umbo la kifaa kwenye ubao) ya saizi ya 0805, endelea na kazi. Ukianza kutengeneza alama kwa kila thamani, maktaba itakujaa hadi ushindwe kupata kitu. Kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi nayo ni hivyohivyo, ila andika na volti zake, maana muuzaji atakuuliza.

Transista ni habari nyingine. Alama za jumla Q_NPN_CBE na Q_NPN_EBC ukizitazama kwenye mchoro ni mapacha; C ni kolekta, B besi, E emita, zikipangwa kuanzia mguu 1 hadi 3. Zinapishana kwenye namba za miguu tu, na futiprinti hufuata namba, haifuati picha. Shika transista ya BC547 upande bapa ukikutazama, miguu chini: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Nyingine, 2N3904, ni emita, besi, kolekta. Niliwahi kuchora kengele ya tangi la maji kwa alama ya CBE, nikaagiza mbao 10, kisha dukani nikapata 2N3904 nikazilehemu. Relei (swichi inayovutwa kwa umeme) ya volti 5 haikuvuta hata kwenye ubao mmoja. Siku mbili nzima napima umeme unaoingia, kumbe transista zimekaa kinyume! Niliokolewa na besi kuwa katikati kwa zote mbili: nikazing'oa, nikazigeuza. Kwa 7805 na LM317, vidhibiti volti vyenye miguu mitatu, usitegemee kugeuza. Kwenye 7805 umeme unaingilia mguu 1, ethi ni 2, unatokea 3. Kwenye LM317 mguu 1 ni wa kurekebishia volti, umeme unatokea 2 na unaingilia 3.

Kwa hiyo mchoro wa kwanza, wakati bado unawaza, chora kwa alama ya jumla. Ukishajua utanunua nini, badilisha alama kabla hujaanza kupanga ubao.

Kifaa chako kikikosekana, fungua kihariri cha alama, anzisha maktaba yako mwenyewe (zilizokuja na programu ziache zilivyo), nakili humo alama iliyopo, kisha tengeneza mpya na uirithishe kutoka hiyo. BC547A, B na C zinaweza kurithi kwa BC547 bila shida. Lakini mrithi hubeba miguu ya mzazi, kwa hiyo 2N3904 usiirithishe hapo kamwe. Jaza futiprinti, kiungo cha datashiti (karatasi ya maelezo ya kifaa), na namba kamili ya mtengenezaji.

Kisha chapisha ubao kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uchomeke transista yenyewe, na ufuatishe kila mguu na datashiti kwa kidole. Mimi siagizi ubao kabla ya hapo.