Namba ya toleo iambatane na jina
Hapa Lamu, katika programu yetu ya simu ya kuratibu safari za boti kati ya Amu na Mokowe, tunayapa matoleo majina ya vyombo vya baharini: Dau, Jahazi, Mashua, Mtepe. Majina hayo hukumbukwa upesi, na kwa kuwa yanafuata alfabeti, lililotangulia hutambulika. Hata hivyo, nawasihi wenzangu msiliache jina peke yake, kwani anayeripoti hitilafu akisema tu kwamba anatumia Jahazi, hatuwezi kujua kama ameshapokea marekebisho yaliyofuata. Andikeni namba tatu, kwa mfano 2.4.1: ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja matumizi ya awali, ya pili linapoongezwa jambo jipya lisilovunja kitu, na ya tatu kwa marekebisho ya hitilafu pekee. Nukta hizo si za desimali, hivyo 2.10 huja baada ya 2.9, jambo linalowakanganya wengi. Wengine hutumia mpango tofauti: namba za Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, hufuata kalenda, ambapo 24.04 humaanisha Aprili 2024. Toleo likishatolewa, msibadilishe chochote ndani yake kwa namba ileile; hata kosa la herufi moja linastahili namba mpya.