Kabla hujaenda kuhesabiwa: mambo ya kuzingatia ili Januari isikukute kitandani

Kila mwaka, wiki mbili za mwanzo za Januari, ofisi za Dar es Salaam zinakuwa na viti vitupu, na mwenye kiti ukimpigia simu anajibu kwa sauti ya kukwaruza: "Nimerudi na homa." Alikwenda kwao Kilimanjaro kwa Krismasi, Rombo, au Machame, au Kibosho; alikwenda kuhesabiwa, kama unavyosema utani kuhusu Wachaga wanaorudi kwao kila Desemba. Huko wamebatiza, wameozesha, wamechinja, wamecheza hadi alfajiri, kisha wamepanda basi la kurudi wakiwa hoi. Wengi wanalaumu mabadiliko ya hali ya hewa. Hali ya hewa ina sehemu yake, lakini mkosaji mkubwa ni ratiba, na ratiba hupangwa Novemba, watu wakiwa bado na nguvu zao.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, anza na karatasi. Andika kila siku ina nini. Familia ya kawaida itajikuta na kitu cha namna hii: tarehe 22 kusafiri usiku, 23 kikao cha ukoo, 24 mkesha kanisani, 25 kwa babu, 26 ubatizo, 27 harusi ya binamu mjini Moshi, 28 kwa wakwe Mwika, 29 kipaimara cha mtoto wa jirani, 30 kuhani msiba uliowapita mkiwa mjini, 31 mkesha tena, tarehe 2 barabarani, tarehe 3 kazini. Soma orodha hiyo mara mbili utafute siku ya kulala. Haipo. Sasa anza kufuta. Mimi ningeweka masharti mawili tu: shughuli mbili za kukesha zisifuatane, na mrudi Dar siku mbili kamili kabla ya kuripoti kazini. Ukiona masharti haya hayawezekani kwa likizo uliyopewa, punguza shughuli, kwa sababu siku za likizo haziongezeki kwa kubanwa.

Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa kuogopa kuambiwa wanaringa. Kwa mkubwa hukatai, unahamisha. "Shikamoo mama mkubwa. Kesho kutwa asubuhi naomba tuje na watoto tunywe chai kwako, leo wamechoka na safari." Atalalamika kidogo, atauliza kama siku hizi mmekuwa watu wa mjini, kisha atasema haya, njooni hiyo kesho kutwa. Simu hizo zipigwe ukiwa bado Dar. Ukishafika getini kwake hakuna cha kusalimia na kuondoka; kuna sahani imeshafunikwa inakusubiri, na ukiiacha umeharibu zaidi. Wenye ukoo mkubwa wafikirie kuwaita wote nyumbani kwa babu siku moja badala ya kuzungukia nyumba moja moja kwa Noah iliyojaza watu hadi mlangoni. Gharama ya mbuzi mmoja wa ziada ni nafuu kuliko wiki nzima ya mizunguko.

Usingizi ndio unaobeba haya yote. Mwaka 2009 Sheldon Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 153 wenye afya waliowekewa virusi vya mafua puani kwa makusudi, kisha wakaangaliwa nani ataugua. Waliokuwa wanalala chini ya saa 7 kwa usiku walipata mafua karibu mara tatu zaidi ya waliolala saa 8 au zaidi. Kilichonigusa mimi kwenye utafiti ule ni kwamba usingizi uliopimwa ulikuwa wa wiki mbili za kabla ya virusi kuingia. Maana yake, anayefunga hesabu za mwaka hadi saa 6 usiku kuanzia tarehe 8 hadi 21 Desemba, halafu akaingia kwenye basi lenye watu wanaokohoa, ameshaandaa mwili wake kuugua kabla hata ya kuona mgomba. Kama kuna kitu kimoja cha kuanza mapema, ni kulala mapema wiki mbili za mwisho kabla ya safari.

Basi lenyewe. Kutoka stendi ya Mbezi Luis hadi Moshi ni safari ya siku nzima, au usiku kucha kwa wanaopanda ya usiku tangu yaliporuhusiwa tena mwaka 2023, na Desemba foleni zinairefusha. Adui wa kwanza humo ndani ni kiu ya makusudi. Watu, hasa akina mama, hawanywi maji tangu asubuhi kwa sababu hawajui dereva atasimama wapi kuchimba dawa, na vichaka vya njiani havina staha. Matokeo yake ni kichwa kinachogonga kuanzia Korogwe, na kwa wanawake wengi UTI inayojitokeza siku ya pili au ya tatu ya sherehe. Kunywa kidogo kidogo, na basi likisimama shuka hata kama hujabanwa. Wanaotumia dawa ya presha ile inayokojoza wana tabia ya kuiruka siku ya safari. Muulize daktari wako kabla, anaweza kukuhamishia muda wa kuimeza, lakini usijiamulie mwenyewe.

Miguu nayo. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2007 kwamba kukaa safarini saa 4 au zaidi kunaongeza takribani mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hatari yenyewe bado ni ndogo kwa mtu mzima wa kawaida, lakini mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kuganda damu asiichukulie kirahisi. Kunja na kunjua vifundo vya miguu kwenye kiti, na ukisimamishwa Mombo kula, tembea kwanza ndipo ukae mezani. Na fungua dirisha kama linafunguka. Abiria atakayelalamika upepo mpelekee salamu zangu.

Chakula kinahitaji maneno zaidi, kwa sababu cha safarini na cha sherehe vinaumiza kwa njia tofauti. Njiani ni rahisi: kula kinachotoka jikoni cha moto mbele yako, acha kilichokaa kwenye kioo tangu asubuhi. Harusini huna uchaguzi huo. Pilau imeshushwa jikoni saa 4 asubuhi. Misa imeisha saa 7. Maharusi wamekwenda kupiga picha, msafara umezunguka mji ukipiga honi, na sahani ya kwanza inapakuliwa saa 11 jioni. Muda wote huo sufuria limefunikwa, chakula ni vuguvugu, na bakteria wanaoitwa Bacillus cereus, ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, wanazaliana kwenye wali na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Mtu anatapika ndani ya saa 1 hadi 6, anasema "nimerogwa" au "mbege ilikuwa mbichi". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kama uko kwenye kamati ya harusi, hilo ndilo jambo la kubishania kwenye kikao, kabla ya rangi ya vitambaa: wapishi wapike awamu mbili. Kama wewe ni mgeni tu, kula nyumbani kabla ya kwenda, na ukumbini chagua ndafu iliyotoka motoni na ndizi za kuchoma kuliko wali.

Maziwa mabichi na kisusio (supu ya nyama na damu ya mbuzi) kisichochemka vizuri viache, hata kama aliyekukaribisha ni mzee wa heshima. Homa ya brusela huingia kwa maziwa yasiyochemshwa na inaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha, ukiwa umeshasahau ulikunywa wapi. Mtori haukatai mtu, omba mtori.

Sasa mbu na baridi. Nyumba nyingi za juu kule, Marangu au Kibosho Juu, hazina vyandarua kwa sababu mbu ni wachache, na mgeni anahitimisha kwamba Kilimanjaro yote iko hivyo. Sivyo. Ukishuka tambarare za Kahe, Chekereni na TPC, penye mpunga na miwa ya kumwagilia, mbu wapo wa kutosha, na ni huko huko watu wanakwenda kulala siku moja kwa shemeji. Beba chandarua chako. Kikikunjwa hakizidi ukubwa wa kanga mbili. Beba pia sweta kwa kila mtoto na soksi za kulalia. Baridi haileti virusi yenyewe, lakini inawafungia watoto kumi wa mabinamu chumba kimoja, godoro moja, madirisha yamefungwa, na mmoja wao lazima ana kikohozi.

Mfuko wa dawa uwe mdogo na uwe nawe kwenye kiti, usiende kwenye buti la basi. Joto la buti linaharibu insulini, na begi la buti likipotea limepotea. Weka dawa zako za kila siku za kutosha safari nzima na wiki moja ya ziada, paracetamol, kipimajoto, pakiti kadhaa za ORS, barakoa chache, kadi ya bima au namba yake. Pakiti moja ya ORS inaingia kwenye lita 1 ya maji safi, si kwenye glasi. Nimeona watu wakiichanganya kwenye glasi ili "iwe kali", na ikiwa kali hivyo inaweza kuzidisha kuhara. Paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24, na ahesabu pia iliyomo ndani ya dawa za mafua. Usibebe nusu dozi ya mseto, ile dawa ya malaria, iliyobaki mwaka jana. Tenga pia pesa ya hospitali kwenye simu, usiichanganye na ya michango, maana tarehe 5 Januari utakuwa umeshalipa ada.

Pamoja na yote hayo, unaweza kurudi na kuugua. Hapo kitu cha thamani kuliko dawa ni tarehe, kwa hiyo ile karatasi ya ratiba usiitupe. Homa, koo na mwili kuuma vikianza siku 1 hadi 4 baada ya kurudi, hesabu nyuma: virusi vya mafua huwa na muda wa namna hiyo, kwa hiyo uwezekano mkubwa umevipata kwenye basi au mkesha wa mwisho. Malaria kali ya kwetu kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu. Ukiugua tarehe 4 Januari na mbu wa Kahe alikuuma tarehe 1, yeye hajahusika, ingawa wa Tabata, huku Dar, aliyekuuma kabla hujasafiri anaweza kuhusika. Homa inayoanza katikati ya Januari ndiyo ya kuitilia shaka zaidi. Taifodi nayo huchelewa, mara nyingi wiki 1 hadi 2. Dengi, iliyoisumbua Dar mwaka 2014 na 2019, huja siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa, na mbu wake anauma mchana.

Ndiyo maana kauli ya "nimechoka tu na safari" isikuzuie kupima. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo au kesho yake; kutoboa kidole ni dakika chache. Hadi ijulikane si dengi, kaa mbali na aspirini, diklofenaki na ibuprofen, tumia paracetamol peke yake. Ukiambiwa una taifodi kwa kipimo cha Widal kimoja tu, uliza kama wanaweza kuotesha damu maabara kutafuta bakteria wenyewe, kwa sababu Widal inawapa watu wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Azuma, ile antibiotiki ya kununua dirishani, haifanyi kitu kwa virusi vya mafua. Wala dripu si dawa ya uchovu: anayeweza kunywa, anywe. Lakini kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, shingo kukakamaa, mkojo wa rangi ya kokakola, kuchanganyikiwa au degedege kwa mtoto, hayo hayasubiri asubuhi.

Ukikutwa na malaria, maliza dozi ya mseto yote, dozi 6 kwa siku 3, ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza, na umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Usirudie kile kipimo cha haraka wiki inayofuata kuhakikisha umepona. Kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa wakati vimelea vimeshakwisha. Kama homa imerudi, omba cha darubini.

Na watoto: shule zikifunguliwa, mwenye homa abaki nyumbani, hata kama sare imeshapigwa pasi na daftari zimefunikwa. Mwalimu wa zamu mtumie ujumbe usiku ule ule.