Wanga ushike uzi, usiende na maji

Karatasi ya mgomba ikifyonza wino na kuchanika ovyo, wengi wetu tunaoitengeneza kwa mkono huongeza wanga kwenye rojo, yaani nyuzi zilizotwangwa zikiwa majini. Kwanza hakikisha kama ule wa mwanzo ulishika.

Ndani ya maji, uzi wa mmea una chaji hasi. Wanga wa muhogo wa kawaida hauna chaji ya maana, kwa hiyo mwingi hupita kwenye wavu wa kuchujia karatasi. Viwandani hutumia wanga uliotiwa chaji chanya, ambao uzi huuvuta wenyewe. Huo ndio ninaoutumia hapa.

Hatua ya 1. Suuza. Mgomba uliochemshwa kwa magadi huacha mabaki ya utomvu na lignini (gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mmea), nayo yana chaji hasi vilevile. Yatauwahi wanga kabla haujafika kwenye uzi. Mimi nasuuza mpaka maji yawe maangavu na yasitelezeshe vidole. Kazi kubwa iko hapa.

Hatua ya 2. Tumia maji ya mvua. Visima vyetu vya Jambiani, Zanzibar, vimo kwenye jiwe la matumbawe, na ile chokaa iliyoyeyuka hupunguza mvuto kati ya uzi na wanga.

Hatua ya 3. Pika gramu 10 za wanga kwa kila kilo ya nyuzi kavu. Anza na maji baridi kama unakoroga uji, upike mpaka weupe uishe. Punje mbichi hazishiki.

Hatua ya 4. Ukipoa, uzimue, umimine kwenye rojo kidogokidogo huku ukikoroga taratibu. Usirudi kutwanga nyuzi.

Hatua ya 5. Chota maji yaliyopita wavuni, utie kwenye bilauri tone la ayodini ya duka la dawa. Yakibaki na manjano, wanga umeshika. Yakigeuka buluu, umemwagika. Bilauri yangu ya kwanza ilikuwa buluu kama wino. Sikuwa nimesuuza vya kutosha.

Una wanga wa kawaida tu? Usiutie kwenye rojo. Anika karatasi kwanza, kisha upake juu kwa brashi.

Na shabu? Alumini yake ina chaji chanya, inashikisha kweli. Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza mwaka 1807 namna ya kuitumia pamoja na ulimbo wa msonobari, na viwanda vikaifuata. Lakini huacha asidi, na baada ya miaka karatasi hugeuka manjano na kukatika ukiikunja. Kadi ya harusi, sawa. Daftari la nasaba ya ukoo, siitii hata chembe.